Mkuki Upi Ununue? Tunachambua Kuanzia Gramu 300 za Mtoto Hadi Gramu 800 za Bingwa

Karibuni watazamaji. Leo tuko uwanjani, na hapa kwenye nyasi tumelaza mikuki saba. Swali lenu ni lilelile: ninunue upi? Kabla hujatazama rangi wala jina la kampuni, soma hapa, jirani na kishikio. Kamera isogee kidogo. Unaona? 600, halafu 50 m. Namba ya kwanza ni uzito kwa gramu. Ya pili ni umbali ambao mkuki huu umetengenezewa. Wanunuzi wengi husoma ya kwanza na kuiruka ya pili, na hapo ndipo pesa hupotea.

Uzito tuumalize haraka, maana umeshapangwa na Shirikisho la Riadha Duniani. Wanaume, pamoja na vijana wa chini ya miaka 20, ni gramu 800, na mkuki wenyewe una urefu wa mita 2.60 hadi 2.70. Wanawake wa makundi hayohayo ni gramu 600, mita 2.20 hadi 2.30. Chini ya miaka 18, wavulana 700 na wasichana 500. Wakongwe nao wanapunguziwa: mwanamume akifikisha miaka 50 anarusha 700, akifikisha 60 anarusha 600, akifikisha 70 anarusha 500, na kuanzia 80 ni 400. Mwanamke akifikisha 50 anashuka hadi 500, na kuanzia 75 ni 400.

Kwa watoto wadogo zaidi, kila nchi na kila mashindano yana utaratibu wake. Kwa hiyo mwalimu, soma kwanza kanuni za mashindano unakowapeleka, iwe ni UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania, au michezo ya shule za Kenya, ndipo utoe hela.

Ushauri wetu kwa mtoto wa miaka 7 hadi 10: asishike mkuki wa chuma kabisa. Mpe huu mfupi wa plastiki, gramu 300, wenye ncha ya raba na mapezi mkiani. Ukirushwa vibaya unayumba palepale, kwa hiyo mtoto anaona kosa lake mwenyewe bila kelele za kocha. Kama haupatikani, mpira wa tenisi unatosha kufundisha mkono kupita juu ya bega. Miaka 11 na 12, gramu 400. Miaka 13 na 14, wasichana 400 au 500, wavulana 500 au 600. Na hapa umri peke yake haukuambii kila kitu, kwa sababu watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuachana kwa kilo kumi na tano za mwili.

Mpime mtoto hivi. Mwambie arushe mara kumi kwa hatua tatu tu, bila mbio. Wewe simama ubavuni, mita tano hivi, upande ambao haurushiwi. Usitazame mkuki unakokwenda, tazama kiwiko. Kwenye mirusho ya kwanza kiwiko kitapita juu, usawa wa bega au zaidi. Kuanzia mrusho wa saba angalia tena. Kimeshuka chini ya bega? Mkia wa mkuki umeanza kuburuta ardhini au kumgonga mgongoni wakati wa kuvuta nyuma? Basi mkuki huo ni mzito kwake leo, hata kama kanuni zinamruhusu. Mrudishe gramu 100 chini.

Hili tunalisisitiza kwa sababu ya mifupa. Kiwiko kikishuka, nguvu yote inapasua upande wa ndani wa kiwiko, pale penye ligamenti inayoshikilia kiungo. Kwa mtoto kuna jambo la ziada: sehemu ya mfupa inayokua pale bado ni gegedu, na inaachia kabla ya ligamenti. Mtoto akisema anaumwa upande wa ndani wa kiwiko, mazoezi ya kurusha yanasimama siku hiyo na anapelekwa kwa daktari. Usimpake dawa ya kuchua kisha ukamwambia amalizie mirusho mitano.

Haya, sasa twende kwenye namba ya pili, kwa sababu hapa ndipo kila mtu anapotaka kuonekana bingwa.

Tazama hii miwili. Yote ni gramu 800, yote imetimiza kanuni. Huu umeandikwa 60, huu 80. Nashika kishikio, natikisa taratibu. Wa 60 unacheza, ncha na mkia vinatetemeka. Wa 80 umekaza. Unapouvuta mkuki, unausukuma kwa urefu wake wote. Mkono ukipita nje ya mstari hata kidogo, uti, yaani mwili mrefu wa mkuki, unapinda, kisha unatetemeka hewani, na mtetemo huo ni mwendo uliopotea. Mrushaji mwenye kasi kubwa na mstari ulionyooka anahitaji uti mgumu ili nguvu yake isiishie kwenye kupinda. Lakini mrushaji wa mita 45 hana kasi hiyo, na mara nyingi hana mstari huo bado. Uti laini unameza sehemu ya kosa lake. Uti mgumu unamrudishia kosa lote kwenye kiganja na kiwiko.

La pili ni jinsi unavyotua. Mkuki wa 80 umepangwa ili ncha ianze kushuka kwa wakati wake ndani ya safari ndefu na ya kasi. Ukiurusha mita 45, safari inaisha kabla ncha haijapata nafasi ya kushuka, unatua bapa au mkia unatangulia. Na kanuni iko wazi: kichwa cha chuma lazima kiguse ardhi kabla ya sehemu nyingine yoyote. Hauhitaji kuchoma ukasimama, kuna waamuzi wa shule bado wanadai hivyo na wanakosea. Lakini ukitua mkia kwanza, mrusho umekufa.

Kwa hiyo dalili ni hizi. Mkuki wako unatua bapa mara kwa mara, shuka daraja moja, mita 10 chini. Mkuki wako unapiga mbizi mapema, ncha inaelekea chini wakati bado una kasi, panda daraja moja. Ila kabla hujaulaumu mkuki, weka simu ubavuni ujirekodi. Wakati wa kuuachia, ncha iwe inaelekea kule mkono unakokwenda. Kama mkono unakwenda mbele na ncha inatazama mawinguni, mkuki wowote utatua bapa, hata ukinunua mwingine kesho. Rekebisha hilo kwanza.

Namba ya kuchagua inatokana na wastani wa mirusho yako kumi ya hivi karibuni. Ule mmoja uliobebwa na upepo siku ya sherehe usiuhesabu. Wastani wa mita 42, chukua 50. Wastani wa 55, chukua 60. Hata wanaoshindana michezo kumi, wanaume wenye nguvu na mbio, wengi wao wanarusha kati ya mita 50 na 65, na mkuki wa 90 hauwasaidii. Julius Yego aliporusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, mwendo wa mkono ule ndio unaoamsha mkuki wa 90. Ukiununua kwa kumpenda Yego, nasi tunampenda, lakini utakulalia bapa.

Kampuni nyingine zinaongeza namba ya mpindo, yaani uti unapinda kiasi gani. Nordic ya Sweden hufanya hivyo: namba ikiwa ndogo, uti ni mgumu zaidi. Wengi huisoma kinyume.

Malighafi. Alumini ndiyo ya kuanzia na ndiyo inayofaa shuleni, kwa sababu inavumilia, na ikipinda unaiona. Chuma ni kigumu kuliko alumini na hutumika kwenye mikuki ya mashindano. Kaboni ni ngumu zaidi na inatulia haraka baada ya kuachiwa, lakini bei yake ni mara kadhaa ya alumini. Tatizo lake kubwa shuleni ni kwamba haipindi kabla ya kuvunjika. Inapata ufa mdogo, kisha siku moja inakatika mkononi mwa mtu. Kila kabla ya mazoezi pitisha kitambaa cha pamba kwenye uti wote. Kikikwama kwenye unyuzi, mkuki huo uweke pembeni. Usipitishe kidole kitupu, nyuzi za kaboni zinachoma kama mwiba na hazionekani.

Upepo tusikae nao sana. Mikuki ya upepo wa mbele na ya upepo wa nyuma ipo, ni ya wanaorusha zaidi ya mita 70. Wewe ukikutana na upepo wa usoni, teremsha tu ncha kidogo.

Sasa mikuki ya mitumba, maana wengi mtanunua hiyo, na shule nyingi hupewa kama msaada. Hapa kuna mtego. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80 mjini Berlin, uwanja ukawa umekuwa mdogo. Mkuki wa wanaume ukabadilishwa mwaka 1986: kituo cha uzito, yaani pale mkuki unapolala sawa ukiuninginiza, kikasogezwa mbele sentimita 4 ili ncha ishuke mapema. Wa wanawake ukabadilishwa 1999. Kwa hiyo mkuki wa zamani unaweza kuonekana mzuri kabisa na bado haukubaliki kwenye mashindano. Pima hivi: funga uzi katikati ya kishikio, uninginize, sogeza uzi hadi mkuki ulale sawa. Kisha pima kwa futi ya fundi kutoka kwenye ncha hadi kwenye uzi. Kwa gramu 800 inatakiwa iwe kati ya sentimita 90 na 106. Kwa gramu 600, kati ya 80 na 92. Na hapo uzi ulipo pawe ndani ya kishikio. Ukiwa nje, achana nao.

Halafu uviringishe juu ya meza ndefu iliyonyooka. Ukidunda au ncha ikichora duara, umepinda. Utazame pia kwa jicho moja kutoka mkiani, kama fundi anavyotazama ubao. Mara nyingi umepinda sehemu mbili: nyuma tu ya kichwa, na sentimita 30 za mwisho za mkia. Usijaribu kuunyoosha kwa goti. Shika kichwa uzungushe kwa nguvu: kisicheze wala kisilie. Mwisho upime uzito kwa mizani ya jikoni. Mkuki wa 600 ukionyesha 596 haupitishwi, kwa sababu gramu 600 ndiyo kima cha chini.

Na tafadhali usizungushe utepe mkiani wala kuukwaruza kwa msasa ili "ushike hewa". Kiwanda cha Miklós Németh, Mhungaria aliyechukua dhahabu Montreal 1976 kwa mita 94.58, kiliwahi kutoa mikuki yenye mkia wa kukwaruza, na ikaenda mbali kweli. Mwaka 1991 ikapigwa marufuku na rekodi zilizowekwa kwayo zikafutwa. Uso wa mkuki unatakiwa uwe laini mwanzo hadi mwisho.

Kishikio: kamba iwe imebana, unene uleule mwanzo hadi mwisho, na isizidi unene wa uti kwa zaidi ya milimita 8. Mkono mdogo unateleza kwenye kishikio kinene, kwa hiyo wapeni wenye vidole vifupi mikuki ya 500 na 600 waijaribu kwa mkono wenye jasho, siyo mkono mkavu wa dukani. Vidole vikae nyuma ya ukingo wa kamba, kwani huo ukingo ndio unaousukuma.

Swali la walimu: fedha ni kidogo, tununue nini? Kwa wanafunzi 20 wa sekondari, tungenunua mikuki ya plastiki 4 ya gramu 300 kwa mafunzo ya mwanzo, kisha alumini tupu: 500 miwili, 600 miwili, na 700 mmoja, yote ya daraja la mita 40 au 50. Wa 800 ununuliwe akipatikana kijana wa kuurusha. Kama uwanja wenu ni wa kifusi au udongo uliokauka kiangazi, tafuteni yenye ncha butu. Nyunyizieni maji eneo la kutua jioni ya kuamkia mazoezi, la sivyo ncha zitakuwa zimekwisha ndani ya muhula mmoja.

Na mikuki mingi inakufa wakati wa kuing'oa kuliko wakati wa kutua. Usiuvute pembeni kama jembe. Shika karibu na ardhi kwa mkono mmoja, na kishikio kwa mwingine, uvute kurudi kwa mstari uleule ulioingilia. Kisha urudi ukitembea, ncha ikitazama chini, mkuki ukiwa wima. Hakuna kuurusha kurudi, na hakuna anayeufuata hadi wote wawe wamerusha. Ukimaliza, futa udongo, ulaze kwenye vigingi vitatu au uutundike wima ndani ya stoo. Usiuache umeegemea ukutani juani kutwa nzima.