Monas, Jakarta: usikubali kupelekwa kileleni saa sita mchana

Kampuni iliyotuuzia ziara ya Monas, mnara wa taifa wa Indonesia, siitaji jina, ila yeyote atakayekuahidi "tutafika mchana, tutapanda juu, tumemaliza" anakula hela yako. Lifti ya mnara huu ni moja. Moja! Inabeba watu 11, na baraza ya juu, kwenye mita 115, inatosha watu 50 hivi, kwa hiyo unasubiri lifti, kisha unasubiri walio juu washuke. Dawa ni kuwahi dirisha la tiketi likifunguliwa asubuhi. Tiketi ya kileleni si ile inayoishia kwenye kikombe, yaani sehemu pana ya chini ya mnara yenye umbo la kikombe. Sema unayotaka kabla hujalipa.

Kilichonichefua hasa ni mwongozaji kutufokea tusipoteze muda kwenye makumbusho ya chini, eti "ni vidoli tu". Vidoli! Dayorama 51, yaani mandhari ndogo za sanamu zinazosimulia historia, zinazunguka ukumbi wa mita 80 kwa 80, sakafu yake mita 3 chini ya ardhi. Unaingilia kwenye njia ya chini kwa chini upande wa kaskazini, karibu na sanamu ya Diponegoro, mwanamfalme wa Java aliyepigana na Waholanzi, akiwa juu ya farasi. Anzia pembe ya kaskazini-mashariki ufuate mwendo wa saa: Java ya kale, dola ya Majapahit, vita vya Diponegoro, tangazo la uhuru la 1945. Ukianzia katikati unavuruga historia yote. Mwafrika asiruke dayorama ya mkutano wa Bandung wa 1955, ule wa nchi za Asia na Afrika.

Halafu panda Ukumbi wa Uhuru, ndani ya kikombe, usikilize sauti ya Sukarno, rais wa kwanza, akisoma tangazo la uhuru. Waliojenga walichukua umbo la kinu na mchi, wakaficha tarehe ya uhuru, 17-8-45, kwenye vipimo: kikombe kiko mita 17 juu, makumbusho yana kimo cha mita 8, kikombe kina upana wa mita 45. Mwongozaji hakuligusa hilo hata kwa neno.

Nilitaka kusema kilele kiacheni kabisa. Hapana, asubuhi isiyo na ukungu wa moshi kinalipa: msikiti wa Istiqlal na kanisa kuu la Kikatoliki viko jirani, unaviona kwa mpigo mmoja. Mchana ni weupe mtupu na majasho. Basi juu kwanza, chini baadaye, na mwongozaji mwacheni hotelini. Treni za mjini hazisimami stesheni ya Gambir japo iko pua na mdomo na uwanja wa mnara. Shukeni stesheni ya Juanda, au pandeni basi la TransJakarta hadi kituo cha Monumen Nasional (zamani Monas), upande wa magharibi.