Gereji ya Moro iliyonibadilishia beringi wakati kilichokufa ni kingipini

Jina la gereji siliweki, sitaki kesi na mtu. Ila nyie mnaopiga ruti ya Iringa na Dar mkalala Moro mnaweza kukisia, ile ya geti kubwa ambayo wateja wanawekewa viti na maji ya kunywa. Pasafi kweli, hilo siwanyimi.

Gari langu ni Fuso la zamani, limesomba nyanya za Ilula mpaka bodi imeshika harufu. Mataili ya mbele yakaanza kucheza. Kwenye lami nzuri husikii kitu, gonga kishimo uone, stering inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi na haitulii mpaka upunguze mwendo kabisa, na taili la kushoto linalika upande mmoja. Sasa shuka nalo mteremko wa Kitonga na mzigo hivyo, utasali dua zote unazozijua na za jirani.

Basi nikalipeleka. Fundi mkuu wao akalitazama kwa mbali, mkono mfukoni, akasema beringi. Hajapiga jeki wala hajashika taili! Nikamwambia kwa heshima tu, kaka, tuinue kwanza, mmoja atikise taili juu na chini, mwingine akae ndani akanyage breki. Mchezo ukiisha breki ikishika, beringi hiyo. Usipoisha, angalia kingipini, ile pini inayounga eksel na nako, yaani chuma kinachobeba taili na kugeuka ukikata stering, maana breki ikishika habu, kile kitovu cha taili, inakuwa kitu kimoja na nako, beringi hata ikiwa imelegea haitaonekana tena, kinachobaki kucheza ni pale nako ilipofungwa kwenye eksel. Jambo la dakika moja, halina gharama yoyote, hata utingo wangu anaweza.

Jamaa akacheka, tena kwa sauti, vijana wake wasikie. "Mzee wewe ni dereva au fundi? Kama unajua si ungetengenezea nyumbani kwako?" Na vijana nao wakacheka. Mimi naweza kumzaa yule! Hela yangu naitoa, halafu nageuzwa kichekesho cha gereji. Nikanyamaza kwa sababu gari lilishaingia ndani na geti limefungwa, we ungefanyaje.

Wakabadilisha beringi mbele zote kulia na kushoto, wakaongeza na alaimenti, kule kunyoosha mataili, ambayo sikuiomba, bili ikaja imenona. Nikasema poa, labda kweli, labda mimi ndiye sijui. Gari likanianzia tena katikati ya hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo huwezi hata kushuka ukachungulia. Nikajikokota mpaka Ruaha Mbuyuni.

Pale kuna mzee anafanya kazi chini ya mti, hana kiti cha kumkalisha mtu. Akaweka mawe mataili ya nyuma, jeki chini ya eksel, akamwambia utingo panda kanyaga breki usiachie. Akachomeka mtaimbo chini ya taili akanyanyua. Taili likaruka na breki imeshika! Akaniita, "Mwanangu njoo uone." Kwenye maungio ya nako na eksel pakawa panafunguka na kufunga, uwazi unaingiza ncha ya bisibisi, na ndani hakuna grisi hata tone, unatoka unga mwekundu wa kutu. Nipo ya grisi, kile kichuchu cha kupigia grisi, imeziba kwa matope na rangi. Kwa hiyo kuna watu waliitoa ile habu, wakainamia palepale, wakafunga, wakaandika bili.

Hapo nilikuwa nimeshaamua kuwachafua vibaya. Lakini mzee akafungua habu akasema aliyefunga hizi beringi anajua kazi, nati hajaibana ikaua beringi, kaikaza huku anazungusha habu, kairudisha kidogo, kafunga na washa yake vizuri. Kwa hiyo vijana wana mikono, nawatoa lawamani, tatizo ni yule mkubwa wao na mdomo wake.

Na mzee naye asije akaonekana malaika. Pini iligoma, ikapigwa moto na nyundo mpaka giza, kesho yake nako na bushi zake zikapelekwa Iringa zikapanuliwe kwa rima, kaka yake aliyezibeba akapotea nusu siku, na bei yake si ya chini ya mti hata kidogo. Ila stering sasa imetulia, naendesha kwa mkono mmoja. Na kanifundisha kitu, kingipini piga grisi gari likiwa limeinuliwa, uzito ukilalia chini grisi haifiki inapotakiwa.

Nilitaka kuipa gereji nyota sifuri. Nikasema mbili, kwa ajili ya vijana. Juzi wakanitumia meseji, "mteja wetu mpendwa, karibu tena", nikarudi kwenye moja. Alaimenti nitahitaji tena baada ya kazi hii na mashine yao ni nzuri, sikatai, naweza kwenda siku yule bwana hayupo. Na nikienda nitadai beringi zangu za zamani, maana nilipoziuliza siku ile nikaambiwa zimeshatupwa, na kwa nilichokiona Ruaha nina shaka kubwa kama zilikuwa na ubovu wowote, sasa hivi nadhani ziko kwenye Fuso la mtu mwingine kama spea mpya.