Laki na ishirini ya kozi ya kuediti picha, jibu nililopewa: "dada, hapa siyo chekechea"

Naandika hii bado nina hasira ingawa ni mambo ya mwaka jana, au mwaka juzi mwishoni, mvua zilikuwa zinanyesha hilo ndo nakumbuka maana nilikuwa napanda zile ngazi za Kariakoo viatu vimelowa. Jina la kituo silitaji. Waliosoma pale watajua.

Mimi nina kibanda cha stesheneri Mbagala, fotokopi, passport size, kadi za michango ya harusi, leminesheni, maisha yanaenda. Kuediti nilikuwa naediti kwa simu, mteja anataka bluu nyuma unamwekea bluu nyuma, basi. Sasa watu wakaanza kuleta kazi za maana, mara picha ya zamani imekunjika, mara bango la ukumbini, nikaona nisiwe mjinga nikajifunze vizuri. Kozi ya Photoshop, wiki nne, laki na ishirini, nikalipa yote kwa mkupuo, kosa la kwanza hilo.

Siku ya kwanza sitaki kusema uongo nilifurahi. Ticha ni kijana mdogo, mkono wake mwepesi kama anacheza draft, ndani ya lisaa limoja ameshakiweka kichwa chake juu ya mwili wa simba, moshi nyuma, cheche za moto zinaruka, tukapiga makofi. Mimi naandika tu kwenye daftari, Ctrl+J, Ctrl+T, Ctrl+D, kurasa mbili zimejaa na sijui hata moja inafanya nini.

Siku ya tatu nikanyoosha mkono. Nikasema samahani mwalimu, hizi leya ni nini hasa, mbona kila ukibonyeza zinaongezeka pale pembeni? Nimeuliza kwa heshima kabisa. Akacheka kwanza. Afu akasema "dada, hapa siyo chekechea, hayo nenda kaangalie YouTube". Darasa zima likaangua kicheko, kuna mmoja alikuwa na kofia alicheka mpaka akainama kwenye meza, na ukiangalia skrini yake na yeye hajafanya kitu! Yaani nimetoka Mbagala, daladala mbili, nimelipa laki na ishirini, eti nielekezwe YouTube kwa bando langu mwenyewe. Nikanyamaza. Na nilinyamaza wiki zote zilizobaki, hiyo ndo iliyoniponza.

Maana jibu lenyewe lilikuwa la dakika mbili. Mnajua ile meza ya wageni nyumbani, unatandika kitambaa kizuri, juu yake unaweka ile plastiki ya kuonyesha? Mchuzi ukimwagika unafuta plastiki, kitambaa hakijaguswa. Leya ndo hiyo. Picha ya mteja ni kitambaa, wewe kazi yako yote unaifanyia kwenye plastiki. Angenambia hivyo tu yule kijana, basi.

Kozi ilipoisha, kama wiki mbili hivi baadaye, akaja mama mmoja jirani na picha ya marehemu baba yake, ya karatasi, ina mkunjo unapita shavuni, anataka A3 kwenye fremu kwa ajili ya arobaini. Nikaiskani vizuri, kubwa, yeye akaondoka na karatasi yake kwenda Muheza. Nikafuta ule mkunjo, nikafuta doa, usiku mzima, jicho la kushoto nililihangaikia mpaka nikaanza kumwona yule mzee kama babu yangu. Na vyote nimefanya moja kwa moja juu ya picha yenyewe, hakuna plastiki hakuna nini. Afu mama akapiga simu, "mwanangu nitumie kwa WhatsApp niione". Nikaipunguza ikawa na upana wa pikseli 400, yaani vile vinukta vinavyounda picha, ili iende haraka, nikabonyeza Ctrl+S ya kusevu kama tulivyofundishwa, Ctrl+S Ctrl+S kila baada ya dakika mbili umeme usije ukakatika. Nikatuma. Mama akalia kwa furaha. Nikafunga kompyuta nikalala kama mfalme.

Asubuhi nafungua nichape, picha imepasuka yote, viboksi viboksi, uso wa mzee umekuwa kama vigae vya bafuni. Ctrl+Z ya kurudi nyuma inagoma, ukishafunga faili historia yote imeondoka nayo. Nilikuwa nimesevu ile ndogo juu ya ile kubwa. Na skani sikuweka nakala, nani aliniambia niweke nakala! Pikseli 400 ukizichapa kwa 300 kila inchi unapata upana wa sentimita tatu na kidogo. Passport size. Marehemu wa A3 nimemfanya passport size.

Nikarudi Kariakoo mbio, nikijua ticha atakuwa na ujanja. Anakula chipsi. "Ulisevu PSD?" PSD ndo nini? Baadaye ndo nikajua ni faili la Photoshop lenyewe, linalotunza leya zote. "Sasa dada unasevu juu ya orijino, hiyo ni akili?" Akachovya chipsi kwenye tomato. Nikamuuliza ni siku gani ulitufundisha PSD, akasema hivyo ni vitu vya kawaida mtu anatakiwa avijue. Vya kawaida! Siku nne tumefundishwa cheche za moto, mimi mteja wangu nani anataka cheche za moto?

Sasa sikilizeni hii. Kuna dogo wa pale mtaani akaniwekea GIMP, ile programu ya kuediti picha ya bure, ambayo darasani ticha alikuwa anaiita takataka, na sababu yake kubwa ilikuwa eti inasumbua kusevu. Kweli inasumbua. Ukibonyeza Ctrl+S haikubali kukupa JPEG, lile faili la picha la kawaida, inakupa faili lake la XCF lenye leya zote, ukitaka JPEG lazima uende Export, ni mlango mwingine kabisa. Walianza hivyo tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012 na watu wengi waliwatukana kwa hilo. Mimi siwatukani. Huo usumbufu ungenisimamisha usiku ule na mzee wa watu angekuwa salama. Na programu yenyewe ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo cha Berkeley huko Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis. Wanafunzi, siyo maticha.

Photoshop yenyewe sina ugomvi nayo, ile ya darasani sijui hata walivyoiweka, ilikuwa inajifunga yenyewe kila saa. Ugomvi wangu ni wa chekechea.

Ila... haya, niseme na hili maana dogo wa stesheneri kila siku ananikumbusha. Kuna siku moja, wiki ya tatu hivi, nililetewa picha za harusi zimepigwa na flashi, shela imeng'aa kama balbu, bibi harusi mwenyewe uso haumwoni. Mimi zamani nilikuwa naongeza Brightness, watu wote wanatoka kama wamepakwa majivu. Ticha akafungua Curves, kile kichoro cha kurekebisha mwanga chenye mstari, akashika ule mstari katikati, akauvuta juu kidogo tu, kule juu kwenye weupe akapigilia nukta usisogee. Jamani. Uso ukatoka, weusi wake ule ule, mng'ao wa mafuta upo, shela haijaungua. Dakika moja. Hiyo naitumia kila siku ya Mungu na hakuna mteja anayenirudishia picha tena, kwa hiyo nikipiga hesabu ile laki na ishirini ilisharudi zamani. Nilitaka nimpe nyota moja, sasa nashindwa, tuseme mbili. Mbili na nusu. Halafu nikikumbuka yule wa kofia alivyoinama kucheka narudi kwenye moja.

Mama alinisamehe. Aliirudisha ile karatasi kwa basi kwenye bahasha, ikafika arobaini imeshapita, nikaskani upya, nakala tatu, moja nikajitumia kwenye imeili, nikafanya kila kitu kwenye leya. Mzee yuko ukutani sebuleni kwake sasa, A3, jicho la kushoto zuri kuliko mara ya kwanza.

Mkitaka kwenda nendeni, ulizeni kwanza siku ya Curves ni lini. Na cheti msikisubiri, mimi changu mpaka leo wananiambia printa ina shida.