Uzoefu wangu: benchi la magazeti Kisumu na mafumbo magumu

Tangu mwaka jana nakodi gazeti kwenye benchi moja karibu na soko la Jubilee. Unalipa shilingi 20, unasoma, unarudisha. Mimi hufuata fumbo la maneno la Kiingereza, lile gumu ambalo kidokezo kinasema hili na kumaanisha lile.

Nikiwa peke yangu nyumbani nilijaza mawili matatu nikakwama. Pale benchini yuko mwalimu mstaafu, na kwangu yeye ndiye thamani ya ile shilingi 20. Jibu hakupi. Anauliza tu: "Maana iko mwanzo au mwisho?" Kwani kwa kawaida kidokezo kina vipande viwili: kimoja ni maana ya jibu, kingine ni njia ya kuliunda. Aliponiona sijashika, akaniandikia cha Kiswahili: "Samaki wakivurugwa, tunapata msimu wa mvua (6)." Hiyo 6 ni idadi ya herufi za jibu. Nikawaza ziwa, nikawaza omena, nikawaza mafuriko ya Nyando. Akasema, "Kijana wangu, ziwa liache. Zitazame herufi." Nikazipanga upya S-A-M-A-K-I, ikatoka MASIKA! Siku hizi nikikuta neno la kuvuruga, kuvunja au kulewa, penseli inaanza kupanga herufi yenyewe. Cha pili kilikuwa "Kiuaji kimejificha Kisumu (4)", na hicho nilikipata bila msaada: SUMU.

Mwalimu alinieleza pia kwamba fumbo la maneno la kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapishwa New York Desemba 1913, na kwamba Waingereza ndio waliolitia hila miaka ya 1920. Ndiyo maana limejaa kriketi na mito ya kwao. Mtu mmoja hayamalizi. Benchini nesi anajua majina ya magonjwa, kijana wa bodaboda anajua timu na viwanja vya Uingereza, mimi nimebakiwa na mambo ya Biblia.

Kasoro ziko. Gazeti la kukodi haliandikwi, na mwenye benchi ni mkali kwa hilo, ana haki. Kwa hiyo kwanza unanakili vyumba vyote vya fumbo, yaani miraba myeupe na myeusi, kwenye daftari la hesabu, na ukikosea chumba kimoja cheusi, fumbo zima limeharibika. Kivuli nacho huisha saa nane mchana. Lakini gazeti la jana huwekwa, ukitaka kuhakikisha majibu unaonyeshwa bure.

Jumamosi iliyopita Mwalimu alitutegea: "Hula majani, jikoni hukuna nazi (5)." Sisi wa Kakamega na Siaya tukatazamana. Mama mmoja mgeni kutoka Mombasa, aliyekuwa anasoma matangazo ya vifo, hakuinua hata macho. "Mbuzi," akasema. "Kwetu tunaikalia kila siku."

Mkienda, fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, na penseli yenu.