Rivyu: Kuvuka Kjölur juu ya farasi wa Iceland

Kama unapenda farasi ila mgongo na magoti vinakataa zile safari za kutwa nzima, fanya mpango uende Iceland uvuke Kjölur, pesa yako haiendi bure. Nimeenda na shamba moja la kule kaskazini, jina nalihifadhi maana kuna mahali waliniudhi na nitasema, ila safari za aina hii zinafanywa na mashamba mengi na mpangilio unafanana sana.

Kjölur ni njia ya zamani ya kukatiza katikati ya nchi, kaskazini mpaka kusini, inapita kati ya barafu mbili kubwa, Langjökull na Hofsjökull, halafu unashukia upande wa maporomoko ya Gullfoss na chemchemi za maji moto za Geysir. Siku ya kawaida mnapiga kilomita 30, 40, kuna siku zinazidi. Sasa utajiuliza farasi mfupi vile, sentimita 140 tu begani, anabebaje mtu mzima umbali huo? Jibu ni kwamba habebi peke yake. Kundi zima la farasi wasio na tandiko linakimbia huru pamoja nanyi, wengine mbele wengine nyuma, na kila baada ya muda mnasimama, mnawaingiza kwenye zizi la kamba, unavua tandiko kwa huyu unamvalisha mwingine, huyu wa kwanza anaenda zake kupumzika huku anakimbia bila mzigo. Hiyo ndo huduma unayolipia hasa, na walifanya vizuri karibu safari nzima.

Haya tuje kwenye mwendo wenyewe. Sisi tuliojifunzia Nairobi, kwenye wale farasi waliostaafu mbio za Ngong, tumezoea troti ya kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, mpaka mapaja yanawaka moto. Farasi wa Iceland ana mwendo wa tölt, miguu inagusa chini mmoja mmoja kwa zamu, wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia, na hakuna hata sekunde ambayo yote minne iko hewani, kwa hiyo hakuna kile kishindo cha kutua. Unakaa tu. Wenyewe wanashindana kupanda huku wameshika glasi ya bia iliyojaa na haimwagiki, na ukishakaa juu yake unaelewa kwa nini. Na anaweza kwenda hivyo taratibu au akapandisha mpaka mwenzako mwenye farasi wa kawaida awe shoti ndo akupate. Mwaka 2012 wanasayansi walieleza kwamba kuna badiliko kwenye jeni (ile chembe ya urithi) inayoitwa DMRT3 linalowawezesha farasi kama hawa kutembea hivyo, yani amezaliwa nalo, sio mtu kamlazimisha kwa lijamu.

Lakini jamani, starehe ya mpandaji sio starehe ya farasi. Tölt inamchosha, inataka misuli ya mgongo na ya nyuma ifanye kazi muda wote, ndo maana waongozaji wazuri wanachanganya, tölt kidogo, troti kidogo alegeze mgongo, mkifika kwenye mawe mnatembea. Na hapo ndo waliponiudhi. Siku moja jioni tulikuwa tunakimbizana na mvua kufika kibandani, nikasikia chini yangu mdundo umebadilika, ile minne inayosikika sawasawa imekuwa miwili miwili, miguu ya upande mmoja inaenda pamoja, nyonga zangu zinatupwa kushoto kulia kushoto kulia. Farasi akianza hivyo bila kuombwa mara nyingi amechoka au amepoteza balansi. Nikamwambia mwongozaji nataka kubadilisha, akanijibu karibu tunafika, na hatukuwa karibu. Nikashuka nikatembea nimemshika hatamu mpaka wakaniletea mwingine. Kwa shamba linalojisifia mapenzi kwa farasi sikulipenda kabisa hilo, na kesho yake nilimwambia mwenye shamba uso kwa uso, akanisikiliza vizuri.

Mengine fasta fasta. Kulala ni kwenye vibanda vya milimani, vitanda vya ghorofa, mnabanana na slipingi begi zenu, anayekoroma anakoroma. Chakula safi, nyama ya kondoo kwa wingi. Hveravellir, kituo cha njiani, kuna bwawa la maji moto ya ardhini, ingia hata kama umechoka namna gani. Mvua utakutana nayo, wanakupa koti na suruali za mpira na helmeti.

Kitu ambacho wengi wanakosea ni vifaa. Usibebe tandiko, hatamu wala glavu za ngozi ulizotumia kwenye farasi wengine, haviruhusiwi kuingia nchini, na nguo za kupandia lazima zifuliwe zikauke kabisa kabla hujasafiri. Sio ukorofi, farasi wao wameishi wametengwa karne na karne, magonjwa mengi hawajawahi kukutana nayo, mpaka farasi wao mwenyewe akishatoka nje ya Iceland haruhusiwi kurudi tena.

Kama hujawahi kupanda usianzie hapa tafadhali, kundi huru likiamua kukimbia na wako atataka kukimbia, kwa hiyo ujue kukaa na ujue kumzuia, anza na zile safari zao za saa mbili tatu. Uzito nao wana kikomo, sema ukweli unapobuku. Na kabla ya kulipa waulize swali moja tu, kila mpandaji anatengewa farasi wangapi kwa siku, wakikwambia mmoja kwa umbali ule tafuta shamba lingine.