Geti la mtoto: la kukaza, la skrubu au la wavu?

Mageti ya usalama ya watoto ni ya aina tatu. Lipo la kukaza, linaloshikiliwa na msukumo wa boliti zake dhidi ya kuta mbili bila kutoboa. Lipo la skrubu, linalofungwa ukutani au kwenye nguzo. Na lipo la wavu, ambalo hujikunja ndani ya bomba lake likifunguliwa. Kila moja lina mahali pake, na mengi yanayolaumiwa kuwa mabovu yamewekwa tu pasipo pake.

Juu ya ngazi weka la skrubu. Hapa hakuna mjadala. Geti la kukaza lina fremu yenye upau unaolala sakafuni, na anayepita amebeba mtoto haoni miguu yake. Akijikwaa pale, mbele yake hakuna sakafu. Isitoshe, kinacholishikilia ni msuguano peke yake. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, boliti hulegea kidogo, na mtoto aliyekwisha kujifunza kusimama hulishika geti kwa mikono miwili akalitikisa. Likichomoka, huanguka pamoja naye.

Kwa mlango wa jikoni, kati ya vyumba viwili, au hata chini ya ngazi, geti la kukaza ni chaguo zuri na ndilo rahisi kuhamisha. Mengi hutosha uwazi wa sentimita 75 hadi 82 hivi, na vipande vya kuongezea upana huuzwa kando, vingi vikiwa vya sentimita 7 au 14. Tumia vipande vya mtengenezaji yuleyule, na usipite idadi aliyoruhusu: fremu ikirefuka mno hupinda katikati.

Pima uwazi mara mbili, mara moja usawa wa sakafu na mara nyingine usawa wa boliti za juu. Vipimo hivyo viwili mara nyingi havilingani, kwa sababu ubao wa chini ya ukuta hutokeza sentimita moja au mbili kila upande. Ukipima juu tu, utaleta nyumbani geti lisiloingia chini. Tofauti ikiwa kubwa kuliko boliti zinavyoweza kufidia, funga juu kipande cha mbao chenye unene sawa na ule ubao, ili boliti zote nne zikute uso mmoja.

Ukilitoa kwenye boksi utaona mwanya mkubwa kati ya mlango na komeo, komeo lisifike. Wengi huishia hapo na kulirudisha dukani. Geti ni zima. Mikono ya fremu imetengenezwa ikiwa imetanuka, na boliti ndizo zinazoisukuma ndani. Simamisha fremu katikati ya uwazi, kaza boliti za chini kwa zamu, mzunguko mmoja kushoto na mmoja kulia, kisha fanya vivyo hivyo juu. Mwanya utapungua hadi milimita chache, komeo likamatie bila kunyanyua mlango. Ukikaza upande mmoja tu, fremu huenda mshazari, na hata komeo likishika leo, baada ya siku chache litagoma. Pimamaji juu ya upau wa sakafuni litakuonyesha mapema.

Kuna vikombe vinne vidogo vya plastiki ambavyo huachwa ndani ya boksi. Vifunge! Kikombe hukaa ukutani na kichwa cha boliti huingia ndani yake, hivyo geti haliwezi kuteleza pembeni likisukumwa. Mwaka 2020 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani (CPSC) ilipitisha kanuni ya lazima kwa mageti haya, na nguvu ya kusukuma ambayo geti linapaswa kuhimili bila kuchomoka ni sehemu muhimu ya majaribio yake. Gundi inayokuja na vikombe hushika rangi ya ukuta, haishiki ukuta wenyewe. Rangi ikibanduka, na kikombe kinaondoka. Skrubu moja fupi kwa kila kikombe ni bora zaidi. Hata hivyo kagua ukazo kila wiki.

Geti la skrubu halina upau wa sakafuni, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Kazi yote iko ukutani. Upande wenye bawaba ndio unaobeba uzito, kwa hiyo upe ukuta imara kuliko mwingine. Kwenye tofali au bloku, angalia urefu wa skrubu zilizokuja na geti. Plasta ikiwa na unene wa milimita 15 au 20, skrubu ya milimita 40 hushika tofali kidogo sana, na plagi yake (kifuko cha plastiki au chuma kinachotiwa tunduni ili skrubu ikamate) hukaa nusu ndani ya plasta inayomomonyoka. Chukua ya milimita 60 na plagi inayolingana nayo, uisukume hadi ipite plasta. Unapotoboa utahisi: mwanzo drili huzama kwa urahisi, kisha inakutana na ugumu. Isipokutana nao, badilisha mahali. Na usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi, maana nyaya hupita humo.

Ukuta wa jipsamu ni hadithi nyingine. Plagi peke yake haitoshi hata ikiwa ya chuma, kwa sababu geti huvuta na kusukuma mara nyingi kwa siku na tundu hupanuka. Tafuta nguzo za ndani, ambazo kwa kawaida zimepangwa kila sentimita 40 au 60 kutoka kati hadi kati. Kama hakuna nguzo pale unapotaka bawaba, funga mbao mbili za kulala, moja usawa wa bawaba ya juu na nyingine ya chini, kila moja ikishika nguzo mbili, halafu bawaba zifungwe kwenye mbao.

Anza na bawaba ya juu, ning'iniza mlango, hakikisha uko wima, ndipo utie alama ya bawaba ya chini. Uwazi chini ya geti usizidi sentimita 5. Mlango ufungukie upande wa sakafu ya juu, kamwe usifungukie ngazini. Mageti mengi yana pini ya kuzuia mlango usifungukie upande mmoja, na pini hiyo lazima iwekwe.

Geti la wavu linafaa korido pana, baadhi yake hufika sentimita 140, na pale unapohitaji njia iwe wazi kabisa. Udhaifu wake uko chini: kitambaa hutanuka kikisukumwa, na mtoto anayetambaa huingiza kichwa pale. Bomba likifungwa juu kidogo tu kuliko maelekezo, tatizo huongezeka maradufu. Kwa ngazi ningeliweka nafasi ya pili, baada ya la skrubu.

Kabla ya kulipa, jaribu komeo kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kitu. Komeo gumu huwafanya watu wazima waruke geti badala ya kulifungua, na kuruka geti ni njia ya hakika ya kuanguka. Fito ziwe za kusimama. Za kulala humpa mtoto pa kukanyagia. Tafuta lebo ya kiwango cha usalama cha mageti haya: EN 1930 kwa Ulaya au ASTM F1004 kwa Marekani.

Ukipewa geti la kukaza lililotumika, hesabu boliti nne, vikombe vinne na maelekezo; kikikosekana kimoja, liache hadi ukipate kwa mtengenezaji. Yale ya zamani ya mbao yanayokunjwa, yenye matundu makubwa ya umbo la V juu, yaliyouzwa kabla ya 1985, usiyatumie kabisa, kwani shingo ya mtoto hunasa humo. Hata geti jipya lina mwisho wake: mageti haya yamekusudiwa watoto wasiozidi miezi 24, na likiwa fupi kuliko robo tatu ya kimo cha mtoto, au akijua kulifungua, liondoe.