Kupimwa moshi kando ya barabara: kipimo kizuri, maelezo haba

Katika muda usiozidi mwaka mmoja na nusu gari langu, la petroli na lenye umri wa miaka kumi na minne, limepimwa moshi barabarani mara tatu. Mara mbili nilisimamishwa na wakaguzi waliochomeka kipimo ndani ya ekzosi, na mara moja nilipita tu mbele ya mashine inayopima kwa mwali wa mwanga huku gari likiendelea na safari. Kwa kuwa madereva wengi huzungumzia upimaji huu kama mtego, nimeona niutathmini kama ambavyo ningetathmini gereji: wanapima nini, wanapima kwa uangalifu kiasi gani, na unapoondoka unajua nini kuhusu gari lako ambacho hukukijua ulipofika.

Mara ya kwanza nilifeli, na hadi leo nasema sikustahili. Foleni ilikuwa ya magari tisa, tukaambiwa tuzime injini, na zamu yangu ilipofika zilikuwa zimepita dakika kama ishirini na tano. Mkaguzi akaniambia niwashe, akachomeka mpira wa kipimo, akasubiri namba zitulie, akachapa karatasi. Kaboni monoksaidi, ile gesi yenye sumu, ilisoma asilimia 0.9, na ile karatasi ikapigwa muhuri mwekundu. Nilimwambia, "Mkuu, injini imepoa, niruhusu niipashe moto kwanza," naye akanijibu kwa upole kabisa, "Ndugu dereva, mashine haisemi uongo."

Ni kweli haisemi uongo, lakini hujibu swali lile tu inaloulizwa. Gari la petroli la kisasa lina kichocheo ndani ya ekzosi, kile ambacho mafundi wengi hukiita masega kwa sababu ya vitundu vyake, na kazi yake ni kuigeuza kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli ambayo hayakuungua yawe kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Masega hayo hayafanyi kazi yakiwa baridi. Yanahitaji joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi ndipo yaamke. Ndiyo maana utaratibu wa kipimo hiki hutaka injini iwe imefikia joto lake la kazi, na hutaka pia isomwe mara mbili: kwanza ikiwa inanguruma polepole bila kukanyagwa, kisha ikiwa imekanyagwa hadi mizunguko isiyopungua 2,000 kwa dakika. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, magari yaliyosajiliwa tangu Julai 2002 hayatakiwi kuzidi asilimia 0.3 ya kaboni monoksaidi katika hali ya kwanza na asilimia 0.2 katika hali ya pili, na katika hiyo ya pili uwiano wa hewa na mafuta, ambao karatasi huuita lamda, unapaswa kuwa kati ya 0.97 na 1.03. Mimi nilipimwa mara moja, injini ikiwa baridi na bila kukanyagwa. Kesho yake nililipeleka gari kwenye kituo cha marudio, safari hii nikiwa nimeliendesha kwa nusu saa bila kulizima, likasoma asilimia 0.1.

Lililonikera zaidi ya kufeli ni ile karatasi yenyewe. Ina vifupisho vitano na namba tano, haina hata sentensi moja. Kwa mtu anayeijua lugha hiyo, karatasi hiyo ni hazina: kaboni monoksaidi ikiwa juu na lamda iko chini ya moja, injini inapewa mafuta mengi kuliko yanayolingana na hewa yake; mabaki ya petroli yakiwa juu huku oksijeni nayo iko juu, huenda plagi moja haichomi; kila kitu kikiwa karibu na sawa isipokuwa oksijeni imezidi, pengine ekzosi imetoboka na inavuta hewa ya nje. Mkaguzi alijua yote haya, maana nilimsikia akimweleza mwenzake. Mimi nilipewa neno "amefeli" na tarehe ya kurudi.

Nakiri kwamba baada ya siku hiyo nilifanya kile ambacho wengi hufanya. Kwa miezi minne nilipita barabara ya nyuma, ndefu na yenye mashimo, ili nisikutane na wakaguzi wale. Sikuwa na cha kuficha wakati huo. Nilikuwa nimepoteza imani tu. Nikaanza pia kuona namna wenzangu wanavyojibu: madereva wanaotoka upande wa kituo huwamulikia taa wanaokuja, na wanaokuja hugeuza au huegesha kwenye kituo cha mafuta wakijifanya wanapima upepo wa matairi. Wengine humimina kwenye tangi chupa ya dawa ya kusafisha mafuta asubuhi ya marudio. Wapo waliokwisha kuyatoa masega na kuyauza, ambao huazima ya mwenzao, wakayafunga kwa siku moja, wakapita, wakayarudisha. Nimewahi kumsikia dereva wa lori akieleza, bila aibu yoyote, kifaa kidogo kinachofungwa ili kuiaminisha kompyuta ya gari kwamba mfumo wa kusafisha gesi chafu za oksidi za nitrojeni kwa majimaji ya urea unafanya kazi, ilhali tangi la urea limekauka zamani. Ukimkemea, atakukumbusha Volkswagen, na hapo utakuwa na kazi ya kumjibu: Septemba 2015 ilijulikana kwamba kampuni hiyo iliweka katika mamilioni ya magari ya dizeli programu iliyotambua gari linapopimwa na kulifanya liwe safi kwa muda huo tu. Jambo ambalo dereva huyo husahau kulimalizia ni kwamba udanganyifu ule ulianza kuonekana baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kufunga vipimo kwenye magari na kuyaendesha barabarani, nje ya maabara. Kwa maneno mengine, ilikuwa hoja ya kupima zaidi barabarani, si ya kuacha kupima.

Nirudi kwenye huduma yenyewe. Kwa upande wa magari ya dizeli, nilikaa kando ya foleni muda wa kutosha kuona kwamba mambo yana utata wake. Huko hawapimi gesi. Wanapima giza la moshi kwa kupitisha mwanga ndani yake na kuangalia ni kiasi gani kimezuiwa. Dereva huambiwa akanyage mafuta hadi mwisho kwa ghafla, gari likiwa limesimama na gia ikiwa huru, tena na tena, na mikanyago ya mwanzo haihesabiwi kwa kuwa kazi yake ni kutoa masizi yaliyolala ndani ya bomba. Mkaguzi mwangalifu huuliza kwanza mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa vali na pistoni, ulibadilishwa lini na kuangalia kiwango cha oili, maana mkanda uliochoka unaweza kukatika katika kukanyaga kule, na injini ikafa palepale. Siku ile sikumsikia yeyote akiulizwa. Mzee mmoja mwenye pikapu alikataa katakata kukanyaga hadi mwisho, akaandikiwa kwamba amekaidi. Nadhani alikuwa na hoja, na angeulizwa lile swali moja asingelazimika kubishana.

Kipimo hicho cha giza kina udhaifu mwingine ambao si kosa la wakaguzi. Gari la dizeli la kisasa lina chujio la masizi, na hata mwenye gari akilitoboa au kulitoa kabisa, injini iliyo nzima hutoa chembe ndogo mno ambazo mwanga wa kipimo hauzioni, hivyo gari linaweza kupita huku likitapika chembe kwa mabilioni. Ndiyo maana Ubelgiji ilianza mwaka 2022, na Uholanzi na Ujerumani zikafuata mwaka 2023, kutumia mashine zinazohesabu chembe moja moja katika ukaguzi wa kawaida wa magari hayo. Kipimo chenyewe huchukua muda mfupi, injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa, kwa hiyo hata wasiwasi wa mkanda wa taimingi unaondoka. Kituo nilichosimamishwa mimi hakina mashine hiyo, na kwa magari yenye chujio naona cheti chake kina thamani ndogo.

Sasa nije kwenye mashine ya mwali, ambayo ndiyo iliyonibadilisha. Imewekwa kando ya barabara inayopanda kidogo, kwa sababu inataka injini iwe inavuta mzigo. Gari linaloteremka bila kukanyagwa halitoi moshi wa kusomeka. Mwali wa infraredi na wa urujuanimno hukatiza njia kwa kimo cha ekzosi na kuusoma moshi kwa muda usiofika sekunde moja baada ya gari kupita. Moshi huchanganyika na hewa mara tu unapotoka, hivyo mashine haiwezi kujua wingi wa gesi. Badala yake huangalia uwiano wa kila gesi na kaboni dayoksaidi iliyotoka nayo, na uwiano huo haubadiliki hata moshi ukitawanyika. Njia hii iliendelezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Donald Stedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, na moja ya mambo waliyoyaonyesha mapema ni kwamba karibu nusu ya kaboni monoksaidi yote ilitoka katika takriban gari moja kati ya kila kumi. Mwaka 1996 watafiti hao waliweka jijini Denver ubao mkubwa uliomwonyesha kila dereva matokeo yake palepale, kwa maneno tu: zuri, la wastani, au baya. Hakukuwa na faini.

Ubao niliopita mimi ni wa aina hiyo. Uliniandikia "baya". Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuumwa na kipimo cha injini baridi, nilidhani ni yale yale, nikazunguka nikapita tena, gari likiwa la moto kama chungu. Ukaandika "baya". Hakuna aliyenisimamisha, hakuna aliyepiga muhuri, na labda ndiyo sababu sikuwa na mtu wa kubishana naye isipokuwa mimi mwenyewe na ile taa ya injini kwenye dashibodi, ambayo ilikuwa ikiwaka siku moja na kuzima siku mbili nami nikaizoea. Fundi aliichomeka mashine yake, akasoma lamda 0.93, akasema sensa ya oksijeni imekufa na kompyuta inaongeza mafuta ikidhani injini ina njaa. Aliongeza kwamba ningeendelea hivyo miezi michache zaidi, petroli ile isiyoungua ingeyaunguza masega yenyewe. Sensa ilibadilishwa, na tangi langu sasa hunifikisha mbali kuliko mwaka uliopita.

Mashine ya mwali nayo ina kasoro zake. Magari mawili yakifuatana kwa karibu mno, moshi wa la mbele huchafua usomaji wa la nyuma, na mvua huizima kabisa. Gari ambalo limewashwa mtaa wa jirani dakika moja iliyopita litaandikiwa ubaya usio wake, kwa sababu ile ile ya masega baridi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka kila usomaji wa mwali ugeuke faini. Hong Kong, ambako mashine hizi zinatumika tangu Septemba 2014 kwa magari ya petroli na ya gesi, mmiliki wa gari lililosomwa vibaya hupewa notisi ya kulipeleka kwenye kituo maalumu ndani ya siku 12 za kazi, likapimwe upya likiwa juu ya roli zinazozunguka chini ya matairi, na likifeli huko ndipo leseni yake inaweza kufutwa. Mwali unachagua, kituo kinahukumu. Huo naona ndio mpangilio wenye haki.

Mara ya tatu nilisimamishwa tena na wakaguzi wa mpira wa kipimo, kituo kile kile, mkaguzi mwingine. Huyu alitupanga tukiwa tumewasha injini, akaniomba nikanyage kwa dakika mbili kabla ya kuchomeka kipimo, akasoma hali zote mbili. Asilimia 0.2 na 0.1, lamda 1.00. Nilipomuuliza maana ya ile namba ya tatu, alinieleza kwa maneno yasiyozidi ishirini, nikamwelewa. Karatasi yake ilikuwa ile ile ya vifupisho vitano.

Nikipewa nyota tano za kugawa, ubao wa mwali nitaupa nne. Wakaguzi wa mpira nawapa tatu kwa ajili ya huyu wa pili, na nyota mbili nazishikilia hadi karatasi ile iandikwe kwa lugha ya dereva na foleni iache kuzimishwa injini. Barabara ya nyuma nimeiacha. Ukipita ya mbele, usizime gari ukiwa kwenye foleni hata ukiambiwa, eleza sababu kwa adabu; na kama gari lako ni la dizeli, mtajie mkaguzi tarehe ya mkanda wa taimingi kabla hujaweka mguu kwenye mafuta.